Maswali Yenu: Mwamuzi wa Besiboli na Miaka Yake ya Kusubiri

Katika toleo lililopita tuliandika habari fupi ya Jen Pawol, ambaye tarehe 9 Agosti 2025, jijini Atlanta, alikuwa mwanamke wa kwanza kuamua mechi ya msimu wa kawaida katika Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani. Tulidhani habari hiyo ingepita kimya, kwa kuwa wengi wetu tulikulia kwenye soka, na kilicho karibu zaidi na besiboli ni ule mchezo wa raunda waliocheza dada zetu shuleni. Badala yake zimetufikia barua kutoka Dayton hadi Doha. Tumechagua tano, nazo tumeziacha kama zilivyoandikwa, isipokuwa pale ambapo salamu zilizidi habari yenyewe.

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Uvira, na kwa miaka sita sasa tunaishi Dayton, Ohio. Kijana wangu wa pili ana umri wa miaka 19. Kila Jumamosi huamua mechi za besiboli za watoto katika bustani ya mtaa wetu na kupewa fedha kidogo. Sasa anasema hataki chuo, anataka kuwa mwamuzi wa kulipwa. Baba yake anasema hiyo si kazi, ni mchezo. Naomba mnieleze ukweli. (Mama wa watoto wanne, Dayton)

JIBU: Mama, baba amekosea kidogo, na kijana naye amekosea kidogo. Ni kazi, tena kwa wanaofika juu ni kazi yenye mkataba, chama cha wafanyakazi na mshahara mnono. Lakini wanaofika juu ni wachache mno. Ligi Kuu ina timu 30, na kila timu hucheza mechi 162 kwa msimu, ilhali waamuzi wa kudumu ni 76 tu, waliogawanywa katika vikosi 19 vya watu wannewanne. Nafasi haiongezwi kwa sababu kijana fulani ana kipaji. Hupatikana pale mmoja wa hao 76 anapoondoka, na wengi wao hawana haraka ya kuondoka. Joe West aliamua mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu mwaka 1976 na akastaafu baada ya msimu wa 2021, akiwa amefikisha mechi 5,460, idadi ambayo hajaifikia mwingine. Bill Klem, ambaye rekodi yake ndiyo iliyovunjwa, alikuwa kazini tangu 1905 hadi 1941. Kiti cha namna hiyo hakiwi wazi kila mwaka.

Njia ya kukifikia huanzia mahali pa kawaida kabisa. Ligi Kuu huendesha kambi za siku moja, zisizo na ada, katika miji mbalimbali ya Marekani. Anayekwenda huko anatakiwa awe amemaliza sekondari au awe na cheti kinacholingana nayo, awe na macho yanayoona vizuri, hata kama ni kwa msaada wa miwani, awe na mwili unaoweza kukimbia, na ajue kuzungumza na watu. Hilo la mwisho wengi hulipuuza, nami nadhani ndilo linalowaangusha, kwa sababu mwamuzi atakutana mara nyingi na kocha aliyemsogelea uso kwa uso akimfokea mbele ya maelfu ya watu, na anatakiwa amjibu kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Wanaoonekana wanafaa huitwa Florida kwa mafunzo marefu zaidi, na baadhi ya watakaofuzu hupelekwa ligi ndogo, katika daraja la chini kabisa.

Huko ndiko kijana wako atakakojua kama anaipenda kazi hii au anapenda sare yake tu. Mechi ya daraja la chini huamuliwa na waamuzi wawili, na hao wawili husafiri pamoja msimu mzima, mji hadi mji, kwa gari, wakila usiku wa manane vyakula vya vituo vya mafuta, kwa maana mechi ikiisha saa nne au tano za usiku hakuna mgahawa ulio wazi. Mchezaji hurudi nyumbani nusu ya mechi zake. Mwamuzi hana uwanja wa nyumbani. Akifanya vizuri hupanda kutoka Single-A hadi High-A, kisha Double-A, kisha Triple-A, na safari hiyo huchukua miaka saba hadi kumi, mara nyingi zaidi. Kila hatua kuna mtu jukwaani anayeandika ripoti juu yake, na anayeonekana ameishia hapo huachishwa ili ampishe mwingine. Malipo ya ligi ndogo ni madogo na yanafuata msimu, kwa hiyo wakati wa baridi waamuzi hawa hutafuta vibarua, wengine wakifundisha shuleni kwa muda, wengine wakiamua mechi za mpira wa kikapu.

Kwa hiyo, mama, mwache aende kwenye kambi ya siku moja, kwani itamgharimu nauli na jasho tu. Lakini asikiache chuo kwa ajili yake. Kambi na masomo havigombani, na mtu anayeanza safari hii akiwa na cheti mkononi huistahimili miezi ya baridi vizuri zaidi kuliko asiye nacho.

SWALI: Ninafanya kazi ya ulinzi usiku hapa Doha, na saa hizo runinga ya mapokezi huonyesha besiboli kutoka Marekani. Naona mwamuzi amejifunika kama mwanajeshi, ana kiburashi mfukoni, na kazi yake ni kusimama. Yote hayo ni ya nini? (Msomaji, Doha)

JIBU: Ndugu yetu wa zamu ya usiku, wewe unaijua kazi ya kusimama kuliko sisi, kwa hiyo tutakueleza anachokifanya akiwa amesimama.

Mrushaji yuko umbali wa mita 18.44 kutoka kwenye lile bamba jeupe lililolazwa ardhini. Mpira wake ni mgumu, umefunikwa kwa ngozi ya ng'ombe na kushonwa mishono 108, na huja kwa mwendo unaozidi mara nyingi kilomita 150 kwa saa, yaani hutumia chini ya nusu sekunde kufika. Mpigaji akiugusa kwa pembeni tu ya gongo, mpira hauendi mbele, bali huruka nyuma, kwenye koo, bega au paji la uso la mwamuzi. Ndiyo sababu ya barakoa ya chuma, kinga ya kifua iliyofichwa ndani ya shati, kinga za miguu zilizofichwa ndani ya suruali, na viatu vilivyotiwa chuma juu ya vidole.

Sasa tazama anaposimama. Hayuko nyuma kabisa ya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kuupokea mpira, kwa sababu hapo angeona kofia ya mdakaji tu. Hujipenyeza katika mwanya ulio kati ya mdakaji na mpigaji, akainama mpaka macho yake yakawa juu kidogo ya kichwa cha mdakaji, kisha akatulia bila kutikisa shingo. Bamba lina upana wa sentimita 43. Mpira ukipita juu yake, kati ya goti la mpigaji na usawa ulio katikati ya mabega na kiuno chake, ni straiki, na straiki tatu humtoa mpigaji. Ukipita nje ya hapo naye asiupige, huhesabiwa upande wake, na ikifika minne hutembea bure hadi besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza ambacho mpigaji hukikimbilia akishaupiga mpira. Hakuna kamba iliyofungwa hewani kuonyesha mipaka hiyo. Imo kichwani mwa mwamuzi, nayo hubadilika kila anapokuja mpigaji mrefu au mfupi, na uamuzi wa aina hiyo huufanya mara mia moja na zaidi katika mechi moja, huku kihesabio kidogo kikiwa kiganjani mwake ili asipoteze hesabu.

Jambo ambalo wanafunzi wa kazi hii huambiwa mpaka wachoke ni kusubiri. Jicho huona kabla akili haijamaliza kufikiri, na kinywa hutaka kutangulia vyote viwili. Mwamuzi mchanga humwona mchezaji ameudaka mpira, hupiga ngumi hewani kutangaza auti, yaani mpigaji ametolewa, na mara mpira unachomoka kwenye glavu na kuviringika kwenye nyasi, naye mkono bado uko juu. Aliyekomaa husubiri mpaka auone mpira umetulia. Katika besi ya kwanza husubiri kwa masikio pia: macho huyaelekeza kwenye mguu wa mkimbiaji na ukingo wa besi, na mpira huusikiliza unavyopiga glavu, kwa kuwa hakuna binadamu anayeweza kutazama sehemu mbili kwa wakati mmoja.

Kuhusu kiburashi, ni cha kufagia bamba linapofunikwa na vumbi. Utaona kwamba mwamuzi hulizunguka kwanza, akawapa mgongo wachezaji wa mbali na kuwaelekea watazamaji walioketi karibu, ndipo akainama. Ni adabu tu, ili asiwainamie watu vibaya, na nimefurahi kuikuta mahali nisipoitarajia. Na ile mipira unayoona anaichomoa mfukoni haiji uwanjani ikiwa mipya inayong'aa. Kabla ya mechi husuguliwa kwa tope laini linalochotwa New Jersey, katika kijito kimoja kinachoingia mto Delaware, ili isiteleze mkononi mwa mrushaji. Zamani waamuzi wenyewe ndio waliokaa chumbani wakiisugua mmoja mmoja.

Usiione kazi hii kuwa nyepesi kwa mwili. Tarehe 1 Aprili 1996, jijini Cincinnati, siku ya kufungua msimu, mwamuzi John McSherry alianguka baada ya mirusho saba tu na kufariki kwa ugonjwa wa moyo akiwa na umri wa miaka 51. Alikuwa na miadi na daktari kesho yake.

SWALI: Hapa Uganda besiboli si kitu kigeni, maana watoto wa Lugazi walifika mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Pennsylvania, mwaka 2012. Kocha wetu alituonyesha video ya mwamuzi mwenye masharubu makubwa akifuta machozi uwanjani. Nini kilimpata? (Mchezaji, Jinja)

JIBU: Huyo ni Jim Joyce, na siku unayoiona kwenye video ni tarehe 3 Juni 2010, jijini Detroit. Ili uelewe machozi hayo ni lazima turudi jioni ya jana yake.

Wewe ni mchezaji, unajua kwamba mrushaji akiwatoa wapigaji wote 27 bila hata mmoja kufika besi ya kwanza, mechi hiyo huitwa kamilifu. Katika historia yote ya Ligi Kuu mpaka jioni ile zilikuwa zimepatikana 20 tu. Armando Galarraga wa Detroit alikuwa amewatoa 26 wa timu ya Cleveland. Wa 27, Jason Donald, aliupiga mpira ukaenda chini upande wa kulia. Miguel Cabrera akauokota na kumrushia Galarraga, aliyekuwa amekimbilia besi ya kwanza. Mpira ukafika, mguu ukagusa besi, na mkimbiaji akafika nyuma yake kwa hatua nzima, maana yake alikuwa ametolewa. Joyce alikunjua mikono yake miwili pembeni: salama. Uwanja mzima ulipiga kelele. Galarraga alitabasamu, akarudi kwenye kichuguu chake cha kurushia, akamtoa mpigaji aliyefuata, na mechi ikaisha.

Wakati huo marudio ya video yaliruhusiwa kwa mipira iliyopigwa nje ya uwanja tu, kwa hiyo hapakuwa na la kufanya. Joyce alipoingia chumbani aliomba kuonyeshwa picha. Aliitazama, kisha, kinyume na desturi ya waamuzi ya kujifungia, aliwakabili waandishi na kukiri waziwazi kwamba amemnyima kijana yule mechi yake kamilifu, na akaomba aonane na Galarraga ili amwombe radhi uso kwa uso. Galarraga alimkumbatia. Kamishna wa Ligi Kuu, Bud Selig, hakuubadilisha uamuzi, na mpaka leo kumbukumbu rasmi zinaonyesha kwamba Donald alifika besi.

Siku iliyofuata zamu ya kusimama nyuma ya bamba ilikuwa ya Joyce mwenyewe. Aliambiwa anaweza kupumzika, akakataa. Kabla ya mechi huwa kuna desturi ya kila timu kumkabidhi mwamuzi karatasi ya majina ya wachezaji, na kwa kawaida karatasi hiyo huletwa na kocha. Siku ile Detroit walimtuma Galarraga. Machozi uliyoyaona ni ya dakika hiyo.

Watu husimulia kisa hiki kama kisa cha mwamuzi mbovu, nami sikubaliani nao. Mwezi huohuo jarida moja la michezo liliwauliza wachezaji 100 wa Ligi Kuu ni nani mwamuzi bora, na jina lililoongoza lilikuwa la Joyce. Mtu aliyesubiri ipasavyo kwa zaidi ya miaka ishirini alikosea mara moja, wakati mbaya kuliko wote. Aliendelea kuamua hadi msimu wa 2016.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia, Mombasa. Mliandika kuwa mwanamke wa kwanza ni wa mwaka 2025. Kwa nini ilichelewa hivyo? Na waamuzi weusi nao walichelewa? (Mwalimu, Mombasa)

JIBU: Walichelewa, Mwalimu, na sababu moja ni ile ngazi tuliyoieleza juu. Mchezaji mwenye kipaji hufunga mabao, tuseme kwa lugha ya kwetu, na mabao huhesabika. Mwamuzi hupandishwa na maoni ya wakubwa. Mlango wa maoni ni rahisi kuufunga bila kelele.

Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyewafungulia wenzake mlango wa Ligi Kuu, aliingia uwanjani mwaka 1947. Mwamuzi mweusi wa kwanza, Emmett Ashford, mzaliwa wa Los Angeles, aliingia Ligi Kuu mwaka 1966, miaka 19 baadaye. Alikuwa mfanyakazi wa posta, akaiacha kazi hiyo ya uhakika mwaka 1951 ili aamue katika ligi ndogo, na akakaa huko hadi 1965, zaidi ya miaka kumi akiwa katika ligi ya Pwani ya Pasifiki, iliyo hatua moja tu chini ya Ligi Kuu. Alipoitwa alikuwa na miaka 51, umri ambao wenzake walikuwa wanahesabu siku za kustaafu. Mechi yake ya kwanza ilikuwa Washington, tarehe 11 Aprili 1966, na kwa kuwa Makamu wa Rais Hubert Humphrey alikuwepo kuurusha mpira wa ufunguzi, walinzi walikuwa wengi mlangoni. Walimzuia. Hawakusadiki kwamba mtu mweusi anaweza kuwa mwamuzi wa mechi ile, mpaka alipothibitisha. Ndani ya uwanja alikuwa mtanashati, viatu vikimetameta, vifungo vya mikono vikionekana, akikimbia kwenye nyasi kama kijana, na watazamaji walimpenda kwa hilo kuliko baadhi ya waamuzi wenzake walivyompenda. Aliamua katika fainali za mwaka 1970, kisha akastaafu mwaka huohuo. Ilichukua mpaka 2020 kwa mwamuzi Mwamerika mweusi, Kerwin Danley, kuteuliwa kiongozi wa kudumu wa kikosi.

Kwa wanawake habari ni kali zaidi. Bernice Gera alipigana mahakamani kwa miaka kadhaa ili aruhusiwe kuamua katika ligi ndogo, akashinda, akaamua mechi moja huko Geneva, jimbo la New York, tarehe 24 Juni 1972, na akajiuzulu siku hiyohiyo, akiwa ameona kwamba waamuzi wenzake hawatashirikiana naye. Pam Postema alianza mwaka 1977, akafika Triple-A, akakaa huko misimu saba akingoja simu, na mwisho wa 1989 akaachishwa. Pawol, aliyekuwa mwalimu wa sanaa, alianza ligi ndogo mwaka 2016 na alikuwa ameamua mechi zaidi ya 1,200 alipoitwa, akiwa na miaka 48. Wiki ile aliamua kwenye besi siku ya kwanza, na tarehe 10 Agosti akasimama nyuma ya bamba.

SWALI: Soka tayari lina video. Je, besiboli nayo haitawaondoa kabisa waamuzi na kuweka mashine? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Mashine imeshaingia, ila kwa hodi. Baada ya kisa cha Detroit na vingine, marudio ya video yalipanuliwa mwaka 2014 yakahusu maamuzi mengi ya kwenye besi, na picha hukaguliwa na waamuzi wenzao walioketi New York. Kikubwa kilichokuwa kimebaki mikononi mwa binadamu peke yake ni straiki. Hilo nalo, baada ya miaka ya majaribio katika ligi ndogo, lilipitishwa Septemba 2025 lianze katika msimu wa 2026, lakini si kwa namna ambayo wengi walihofia. Mwamuzi bado ndiye anayetamka kila mrusho. Kila timu inaanza mechi ikiwa na nafasi mbili za kupinga, ikipinga kwa haki haipotezi nafasi, na wanaoruhusiwa kupinga ni mrushaji, mdakaji na mpigaji tu, palepale, bila kutazama benchi. Sioni kazi ikitoweka hivi karibuni, kwa maana kuna migongano, hasira na kanuni za mkimbiaji ambazo kamera haiwezi kuzituliza.

Namna ya kupinga ni kujigusa kofia kwa kiganja. Mchezo husimama, na kwenye ubao mkubwa wa uwanja huchorwa mpira ukielea polepole kuelekea kisanduku cha straiki. Mwamuzi huvua barakoa, hugeuka, na husubiri pamoja na watu wote uwanjani kuona kama mpira uliugusa mstari.